Nyuzi Tisini

Kwa dakika kumi na moja Zulema Tafoya alikuwa ameishikilia ndege kwenye nyuzi tisini, mashariki kamili, na kwa dakika kumi na moja baba yake hakuwa amesema neno. Zulema alikuwa amevaa ile kofia ya mazoezi yenye ukingo mrefu, inayomzuia mwanafunzi kuona nje, asione mlima wala mto, aone tu mishale na namba za mbele yake. Ndivyo mtu anavyofundishwa kuruka ndani ya mawingu. Macho ya nje ni ya mkufunzi. Mkufunzi anasema geuka, panda, shuka, na mwanafunzi anatii.

"Baba, niendelee hivi hivi?"

"Endelea."

Akaendelea. Onofre Tafoya alikuwa amefundisha watu urubani katika mji mdogo wa Socorro kwa miaka thelathini na mmoja, na mtu wa namna hiyo akinyamaza unadhani ana sababu. Labda anampima uvumilivu. Labda anataka kuona kama mwanafunzi atachoka, mwinuko uanze kumponyoka. Zulema akakaza macho kwenye mishale. Ndani ya mwezi mmoja angefanya mtihani, na baada ya mtihani kulikuwa na kampuni ndogo ya Albuquerque, inayobeba damu na dawa za hospitali kwa ndege, iliyokwisha mwambia: leta cheti hicho, kiti chako kipo.

Redio ikakoroma.

"Ndege ndogo iliyo futi elfu nane, maili kumi na mbili mashariki ya mto. Umo ndani ya eneo la majaribio la jeshi. Geuka nyuzi mia mbili sabini sasa hivi. Narudia, sasa hivi."

Alisikitika kwanza kwa ajili ya huyo mjinga, yeyote yule. Kisha akatazama mwinuko wake. Futi elfu nane.

Akaivua kofia. Chini kulikuwa na uwanda wa kahawia usio na nyumba wala ng'ombe, na barabara moja nyeupe iliyonyooka kama uzi. Mto haukuwapo. Akamgeukia baba yake. Onofre alikuwa ameweka mikono juu ya magoti, anatazama dirishani, ametulia kama abiria aliyelipa nauli na hana haraka ya kufika.

"Baba."

Hakugeuka. Ndege ya kivita, ya kijivu, ilipita kushoto kwao, karibu kiasi cha Zulema kuiona kofia ya rubani wake, na upepo wake ukaitikisa ndege yao kama sahani juu ya gari bovu. Zulema akapinda usukani kuelekea magharibi. Walipokuwa katikati ya kona, baba yake akasema, kwa sauti yake ya siku zote, "Nani amekwambia ugeuke?"

"Tumeingia eneo la jeshi, baba. Wanatuita kwenye redio."

Onofre akaangalia dira, akaangalia ramani kwenye paja lake, akaangalia nje. Rangi ilimtoka usoni. "Nilikwambia ugeuke zamani," alisema. "Nipe usukani."

Akauchukua, akajibu redio kwa maneno machache ya kitaalamu, yaliyopangika, akaileta ndege nyumbani. Upepo ulikuwa wa ubavuni, mbaya, na aliitua kwa ulaini wa mtu anayemlaza mtoto aliyekwisha sinzia. Hilo ndilo lililomchanganya Zulema kuliko yote.

Magari matatu yalikuwa yanawasubiri. Askari wa kaunti alikuwa Kip Dunagan, ambaye Onofre alimfundisha kuruka miaka sita nyuma, akamfelisha mara mbili kabla ya kumpitisha.

"Mzee Onofre, naomba mkae hapo kwanza," alisema Kip, akionyesha ukingo wa saruji nje ya banda la ndege. Hakumtazama machoni. "Si mimi. Nimeagizwa."

Wakakaa pale chini juani, baba na binti, huku mwanamke mmoja wa jeshi na kijana wake wakipiga picha ndege, leseni zao, ramani, hata kile kikapu chenye chupa ya chai. Jaribio lilisimamishwa dakika arobaini, yule mwanamke alisema. Watu mia mbili walikaa kusubiri. Hakupandisha sauti. Mkaguzi wa mamlaka ya anga angekuja Jumanne kuchukua maelezo. Hadi hapo, aliwashauri, ingekuwa busara wasiruke.

Wazee wanne wanaokunywa kahawa pale uwanjani kila asubuhi walikuwa wamehamishia viti vyao mlangoni.

"Onofre," mmoja aliita, "kama ulitaka kujiunga na jeshi si ungeomba ukiwa kijana?"

"Mwulizeni huyu," alijibu Onofre, akimwashiria Zulema kwa kidevu. "Nimemwambia ageuke, hakugeuka. Nimemwambia tena, kimya. Watoto wa siku hizi masikio wameyaacha kwenye simu."

Wakacheka. Kip naye alicheka kidogo, kwa adabu. Zulema alikuwa na miaka ishirini na tisa. Alihisi damu ikimpanda shingoni, akatazama viatu vyake. Baba yake hakuwahi kusema uongo hata wa kumfurahisha mgeni. Na sasa, mbele za watu, anamuuza binti yake kwa utulivu kama anauza mbuzi.

*

Mama yake, Eloisa, alikuwa nyuma ya nyumba akichoma pilipili za kijani, moshi umemzunguka. Siku za shule alipika chakula cha watoto shuleni; Alhamisi ile ilikuwa ya mapumziko. Habari zilikwisha mfikia. Katika mji ule habari hazihitaji magurudumu.

Onofre alikula maharage na chapati zake, akanawa mikono, akasema maneno yale yale kwa utaratibu ule ule: alimwambia ageuke kaskazini, hakugeuka, alimwambia mara ya pili. "Simkasirikii," alisema. "Kila rubani ana siku yake. Lakini akubali kosa. Rubani asiyekubali kosa atakufa na kosa lake."

"Baba, hukusema kitu. Nilikuuliza niendelee, ukasema endelea."

"Zulema."

"Dakika kumi na moja, baba. Nilizihesabu."

"Naapa kwa kaburi la mama yangu," alisema Onofre, na machoni mwake hapakuwa na hila wala aibu, bali masikitiko tu, masikitiko ya mtu anayemwona mwanawe anajifunza kudanganya. Akaenda kulala kidogo, kama kawaida yake mchana.

Zulema akasimama. "Anaapa kwa bibi. Mama, anaapa uongo kwa bibi."

"Hadanganyi," alisema Eloisa. Alikuwa anamenya pilipili, maganda meusi yakimganda vidoleni. "Kaa."

"Nimesema sitaki kukaa."

"Basi simama, lakini teremsha sauti. Hadanganyi. Hajui." Akaendelea kumenya. "Kwaresima iliyopita tulikwenda misa ya saa moja, tukarudi, tukanywa kahawa. Saa nne akavaa suti, ananiuliza kwa nini sijajiandaa. Nikavaa, nikaenda naye tena. Ningemwambia nini? Padri ananitazama, anadhani nina dhambi kubwa iliyohitaji misa mbili. Na Mei alirudi kutoka dukani ameshafika mji wa Belen, maili arobaini, na hakuleta mkate. Mara nyingine unamwona yupo, kisha hayupo. Dakika tano, dakika kumi. Halafu anarudi, na mahali palipo wazi anapajaza mwenyewe. Anapajaza vile mambo yalivyopaswa kuwa."

Zulema akakaa.

"Ulijua," alisema. "Ulijua, na ulikuwa unaniambia kila siku, mwanangu, kajifunze kuruka mawinguni, baba yako atakufundisha, mwanangu, nenda na baba yako."

"Nani mwingine angemwangalia kule juu?"

Waliwasikia njiwa wa jirani juu ya bati. Zulema hakuweza kumtazama mama yake, na mama yake hakuacha kumenya.

"Na wanafunzi wengine?" aliuliza. "Corina Padilla? Corina ana mapacha."

"Nimewapunguza. Nawapigia simu, nawaambia anaumwa mgongo. Walikuwa sita, wamebaki wawili." Eloisa akafuta mikono kwenye aproni. "Sikiliza. Nimezungumza na binamu yangu aliyewahi kufanya kazi Albuquerque kwenye mamlaka. Kosa la bahati mbaya wanalimaliza kwa mafunzo. Utaambiwa urudie masomo mawili matatu, utasaini karatasi, basi. Wewe. Lakini yeye wakijua, wanamnyang'anya cheti cha afya, na kikishaondoka hakirudi. Ataamka asubuhi aende wapi? Sema hukumsikia vizuri. Injini ina kelele. Tupe mwaka mmoja tumshushe taratibu."

"Unataka niseme uongo."

"Nataka useme anachosema baba yako."

Mwishoni Zulema alisema sawa. Alisema kwa sababu mama yake alikuwa ameinamisha kichwa, na zile mvi katikati ya nywele zake zilikuwa hazijapakwa rangi tangu Kwaresima.

*

Jumamosi saa tatu asubuhi alikwenda uwanjani kuchukua kitabu chake cha mazoezi. Banda lilikuwa wazi. Ndege haikuwapo.

"Baba yako yuko juu," alisema mmoja wa wale wazee wa kahawa. "Na Corina wa posta. Wana kama nusu saa hivi."

"Si alishauriwa asiruke mpaka Jumanne?"

Mzee akainua mabega. "Nilimkumbusha. Akaniuliza, Jumanne kuna nini?"

Zulema akawasha redio ya ukutani, akajaribu kumwita, mara moja, mara tatu. Hakuna aliyejibu. Akatoka nje, akasimama kwenye ule ukingo wa saruji, akaanza kuangalia angani upande wa mashariki, kisha kaskazini, kisha mashariki tena. Magharibi ya pale kuna milima inayopita futi elfu kumi. Alifikiria mapacha wa Corina, ambao mwaka jana walivalishwa kama nyuki wawili kwenye maandamano ya mji. Alifikiria kwamba kama ndege ile haitarudi, yeye atakuwa mtu aliyejua kwa siku mbili kamili. Mama yake angekuwa amejua kwa miezi. Ni tofauti gani hiyo?

Dakika hamsini na tano baadaye ilitokea, doa dogo juu ya mto, ikashuka, ikatua kwa kurukaruka. Aliyeitua ni Corina. Alishuka anacheka, nywele zimemsimama, akamkumbatia Zulema.

"Leo ameniachia kila kitu," alisema. "Kwenda na kurudi. Redio ikituita hajibu, nikimuuliza hajibu, hakutamka hata neno moja njia nzima. Yaani ameniamini kabisa. Nimelia kule juu, sikufichi."

Onofre alishuka upande wa pili, taratibu, akishikilia mlango. Akamwona binti yake, akatabasamu.

"Umekuja kuruka?" aliuliza. "Vaa kofia, twende."

*

Mkaguzi alikuwa mwanamke mnene wa makamo, Gretchen Oyler, mwenye mafua na boksi la karatasi laini. Walikaa katika kile chumba kidogo chenye mashine ya kahawa. Onofre alivaa shati jeupe lililopigwa pasi, Eloisa akakaa nyuma yake karibu na mlango, mkoba mapajani, kama wanavyokaa watu hospitalini.

Onofre alieleza vizuri. Alitaja mwinuko, mwendo, upepo, saa aliyosema geuka mara ya kwanza na saa aliyosema mara ya pili. Mkaguzi aliandika akiitikia kwa kichwa, kwa heshima. Ilikuwa dhahiri kwamba amempenda.

"Haya yanatokea, Bwana Tafoya," alisema. "Mtu akituambia ukweli, tunamrudisha darasani, tunafunga jalada. Hatumtafutii mtu ubaya." Akapenga kamasi, akamgeukia Zulema. "Na wewe? Ndivyo ilivyokuwa?"

Zulema aliisikia pumzi ya mama yake nyuma.

"Hapana," alisema. "Hakuniambia nigeuke. Nilimuuliza niendelee, akasema endelea. Nilipovua kofia alikuwa ananitazama bila kuniona. Hapana, hakunitazama. Alitazama dirishani. Nilimwita hakusikia." Maneno yalikuwa yanatoka mabaya, yamepinda, si kama alivyoyapanga kitandani siku tatu. "Haikuwa mara ya kwanza. Anapotea, kisha anarudi. Hajui kama anapotea. Asilaumiwe, hadanganyi. Lakini asiruke tena."

Mashine ya kahawa ikakohoa.

"Unamwambia mgeni," alisema Onofre polepole, "kwamba baba yako ni mwendawazimu."

"Sijasema hivyo, baba."

"Ili usirudie masomo mawili."

"Bwana Tafoya," mkaguzi aliingilia kwa upole, "tangu Alhamisi umefundisha mtu yeyote?"

"La. Sijagusa ndege."

Zulema hakutaka kusema lililofuata. Aliangalia mkono wa mkaguzi, uliokwisha kaa tayari juu ya karatasi, akasema: "Jumamosi aliruka na Corina Padilla. Kitabu cha ndege kiko pale kwenye rafu."

Mkaguzi alinyanyuka mwenyewe kukichukua. Akakifungua ukurasa wa mwisho, akausoma, kisha akakigeuza na kukisukuma mbele ya Onofre kama mtu anayempa mgonjwa barua ya daktari. Onofre akavaa miwani. Tarehe ilikuwapo. Jina la Corina lilikuwapo. Muda wa saa moja na nusu. Chini yake sahihi yake, ile T yenye mkia mrefu ambayo wanafunzi wa miaka thelathini na mmoja walikuwa wanaitambua hata ikiwa imelowa.

Aliitazama kwa muda mrefu mno. Akapitisha kidole juu ya wino.

"Mwandiko ni wangu," alisema.

Akageuka kumtafuta mkewe. "Eloisa, nilikwenda?"

Mkoba ulimteleza Eloisa mapajani, akauacha sakafuni.

"Ulikwenda, Onofre," alisema.

Onofre akavua miwani, akaikunja, akaiweka mfukoni, akaanza kuitafuta mezani. Mkaguzi aliinamisha macho kwenye karatasi zake na kujipangusa pua, ingawa wakati ule haikuwa na haja.

*

Cheti cha afya cha Onofre kiliondoka wiki ile ile. Daktari wa Albuquerque alionyesha picha za ubongo kwenye kioo, akasema jina la ugonjwa, akasema haurudi nyuma, akawapa kijitabu chenye picha ya wazee wanaocheka bustanini. Zulema aliruhusiwa kurudia masomo na mkufunzi mwingine, lakini mkufunzi wa karibu alikuwa mbali na ada yake haikuwa ya watu wa pale. Kampuni ya damu na dawa ilimwandikia barua fupi, ya heshima. Nafasi imejazwa, tunakutakia kila la heri. Aliyeijaza, alisikia baadaye, alikuwa kijana aliyefundishwa na baba yake.

Uwanjani wale wazee wa kahawa walimsalimia kwa kuinua vikombe na kurudi kwenye mazungumzo yao. Corina alimletea mkate wa siagi, akalia mlangoni, akamshukuru, kisha akavuka barabara alipomwona tena wiki iliyofuata. Si ubaya. Hakujua amwambie nini.

Ndege iliuzwa Oktoba kwa mtu wa Texas. Alikuja na mke wake, wakaizunguka, wakaigongagonga mbawa, wakaondoka nayo siku ile ile. Onofre alikuwepo, alimpa yule mtu mkono, akamweleza jinsi ya kuituliza kwenye upepo wa ubavuni. Kesho yake asubuhi alivaa koti lake, akanywa kahawa, akauliza funguo za banda ziko wapi.

Eloisa alimwambia ukweli. Ndege imeuzwa, Onofre, kwa sababu unaumwa. Akamweleza ugonjwa wenyewe. Onofre akalia kama mtu anayesikia kwa mara ya kwanza, kwa sababu ndiyo ilikuwa mara ya kwanza. Kesho yake akauliza tena, akaambiwa tena, akalia tena, akakataa kula mpaka jioni. Siku ya tatu alijifungia chooni, ikabidi Kip Dunagan aje avunje kitasa, naye Kip alifanya kazi ile akiwa amevua kofia yake.

Siku ya nne Eloisa alichoka. Alipoulizwa, alisema, "Zulema ameiuza."

Onofre hakulia. Alikasirika. Alizunguka meza, akapiga ukuta kwa kiganja, akasema maneno makali juu ya watoto wasio na shukrani, kisha akakaa na kula mayai yake yote. Hasira ilimshika mwilini kama kamba inavyoshika mzigo. Mchana alilala vizuri.

Eloisa alimweleza binti yake jioni, jikoni, akiwa amempa mgongo. "Nimekosea," alisema. "Sitarudia. Lilinitoka tu."

Zulema alikuwa anakausha sahani. Siku hizi alikuwa anafanya kazi pamoja na mama yake jikoni shuleni, wakifunga aproni zinazofanana.

"Alikula?" aliuliza.

"Alikula."

"Basi mwambie hivyo hivyo."

"Mwanangu."

"Mwambie hivyo hivyo, mama. Kila siku."

Na ndivyo ikawa. Kila asubuhi, kabla ya kwenda kazini, Zulema anasimama jikoni akichemsha maziwa na anasikia upande wa pili wa mlango kiti kikivutwa, koti likivaliwa, swali likiulizwa na jibu likitolewa. Anasubiri sauti ya baba yake ipande, ifike juu, ianze kushuka. Halafu anachukua sahani ya mayai na kuingia.

Onofre anamwangalia kwa macho ya mtu aliyeibiwa sasa hivi.

"Weka hapo," anasema. "Uondoke."

Anaiweka hapo, karibu na mkono wake wa kulia, mahali asipoweza kuisahau, anaondoka.